Kadi Iliyopunguzwa Kingo

Small Heath, Jumapili, Novemba 2006

Nilimwambia rafiki yangu Joseph kwamba kadi ile ni nzima. Kadi ya besiboli iliyotoka katika pakiti ya sigara, yapata miaka mia iliyopita, na pembe zake kali kama mpya! Ukali huo ungepaswa kunitia shaka. Kwa neno langu akaipata kwa kutoa kadi zake mbili azipendazo, na aliyezichukua amekwisha kurudi Marekani.

Leo nimeilinganisha na nyingine. Imepungua upana wa unywele: mtu alizikata kingo zilizochakaa.

Nilipokiri, Joseph alicheka, akanipa kadi nyingine.

"Kumbe hata wewe Sheikh unakosea? Haya, nitazamie na hii."

Ee Mola, heri angenitukana. Nilimrudishia kadi hiyo ya pili bila kuinua kioo cha kukuzia.