Nduku na Zambarau za Timbwani

Changamwe, Jumamosi, tarehe 28 Machi 2026. Alfajiri ya leo imenyesha rasharasha ya kulaza vumbi tu, kisha jua likatoka, na sasa fukuto limejaa nyumba nzima.

Mwaka umetimia, Nduku, tangu Bwana alipokuita. Sisi wa nyumbani kwako tumeamka mapema, tukapiga magoti, tukakutaja kwa jina.

Uliwashonea watoto wa mtaa huu sare za shule, na mtoto ambaye mamake hakuwa na kitu alipokea yake imepigwa pasi sawa na za wenzake. Uliimba ukiosha vyombo. Hukuweza kuupita mlango wa mgonjwa bila kubisha hodi.

Mimi mumeo nataka kusema habari za msimu wako wa mwisho wa joto, kwa sababu siku hizi wengi wanausimulia, na kila mmoja anasema kana kwamba ulikuwa wake. Mtu akianza tu, namkatiza: "Hayo nayajua." Msimu ule ulikuwa wangu. Nilikuwa nimestaafu kazi ya makontena Kipevu, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hapakuwa na zamu ya kunitoa kitandani. Tulikwenda Kwale kuchuma kunazi. Tulipanda basi hadi Malindi bila sababu yoyote ila kuiona Malindi. Nyumbani uliutia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, tui la nazi, na mimi niliyeapa kwamba muthokoi hautaki nazi, nikala, nikaomba tena.

Lakini zambarau zilikuwa Timbwani, kule Likoni, na Timbwani kulikuwa na Bi Leila.

Mlijuana kwenye feri. Alikuuliza jina lako lina maana gani, ukamwambia kwamba kwa Kikamba Nduku ni aliyezaliwa usiku. Akapiga makofi: "Wallahi! Nami Leila ni usiku, kwa Kiarabu. Basi sisi tuna jina moja. Wewe ni somo yangu!"

Mimi sikuyajua hayo. Jioni moja, nikiwa nafanya kazi niliyopewa na mwalimu wa ngumbaru, darasa la watu wazima tunaojifunza kusoma, ulisema, "Baba Cheryl, kesho naenda Likoni kwa somo yangu." Nikaiweka kalamu chini. Kumbe mke wangu naye anasoma, tena kwa siri, tena Likoni! Moyo ukaniwaka. Nikakusahihisha: "Hakuna 'somo yangu'. Ni 'somo langu'. Mwalimu ametufundisha."

Ulicheka hadi ukashika ukuta. "Huyu somo ni mtu! Ana mti wa zambarau!"

Nilipojua ni mtu, wivu ulizidi.

Tulipokwenda pamoja nilipewa kigoe cha kuvutia matawi, nanyi mkakaa chini kwenye shuka mkiokota. "Ahsante, shemeji," mnasema, kisha mnarudi kwenye mazungumzo yenu. Mlizitia zambarau chumvi bakulini, mkafunika, mkazitikisa hadi zikalainika, na mlicheka muda wote. Nikikaribia, mnanyamaza. Ulirudi nyumbani ulimi umekuwa rangi ya zambarau na maneno tele ndani yako ambayo hukunipa.

Ulipougua mwezi wa Machi, Bi Leila alikuja akiwa amefunga Ramadhani. Alikaa upande wa pili wa kitanda, akakushika mguu na kukuombea. Nami nikaomba kwa sauti kubwa kuliko yake. Bwana alitusikia sote wawili, akaamua alivyoamua.

Juma hili, nilipokuwa naandika majina ya wanaokukumbuka, Cheryl alisoma nyuma ya bega langu.

"Baba, Bi Leila hujamweka."

"Haya ni majina ya jamaa."

"Kwani yeye ni nani?"

"Ni mtu wa zambarau."

"Baba! Unamwonea wivu bibi wa watu, hata meno hana?"

"Namwonea."

"Basi andika hivyo kanisani wasome."

Niliomba nipewe amani ya kuliacha jina lake nje. Niliomba kwa bidii, Nduku. Sikupewa.

Leo asubuhi watu wa jumuiya wakiwa wameshaketi kwa maombi, tukasikia hodi. Ni yeye, na bakuli lake limefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, bibi," Cheryl akasema.

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi shemeji yangu mwenye kuninunia? Ahaa, ndiye huyo. Wewe ndiwe wa kunionea mimi wivu? Mimi ndiye wa kukuonea wewe! Mtu aja kwangu tule zambarau, tuongee ya wanawake, yeye habari zake ni Mutua tu. Mutua kasoma kibao cha duka. Mutua katia sahihi benki, hakutia kidole gumba. Nikamwambia, somo, hebu tule, hizi zitaoza, huyo mumeo haozi!"

"Hayo nayajua," nikasema.

"Huyajui. Kama wayajua, mbona walia?"

Mwanetu Maxwell ndiye aliyeanza kucheka, kisha nyumba nzima.

Sikuyajua. Nilidhani mnanisengenya. Nyumbani uliniambia tu, "Umeandika vizuri," ukaendelea na cherehani yako. Wivu wangu haujaisha, Nduku, umezidi: maneno uliyoyasema juu yangu anayo yeye, mimi sinayo.

Nikamwuliza kama yapo mengine.

"Tele."

"Nayataka yote."

"Yote leo? Mimi mzee, shemeji, na watu hawa wataka kuomba. Wewe njoo Timbwani."

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mimi mumeo Mutua, wanao Cheryl na Maxwell, mkweo Lavender, wadogo zako walio Machakos, wanajumuiya wenzako wa Changamwe, na Bi Leila wa Timbwani, somo yako. Kila siku tutakayopewa na Mungu, jina lako litakuwa katika maombi yetu.

Maombi yalipokwisha, mzee wa kanisa aliuliza kama yuko mwenye neno. Nikasimama, na wote waliokuwamo wakanisikia nikisema: "Bi Leila, mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa, nitakuja kwako nikae chini, na utakaponihadithia habari za mke wangu, nitanyamaza mpaka umalize."