Sharti Langu kwa Hafidh

Jumapili, 4 Februari 2007

Nimelisema! Mbele ya wakwe wote, kikombe cha chai mkononi. Nikaha ni tarehe kumi na saba na mimi nina sharti moja tu: Hafidh asinihamishe kutoka Birmingham mpaka nimalize kusomea ukunga. Kaka yake Yasir anamtafutia kazi Dubai. Na mimi nimebakisha mwaka na nusu!

Mama yao, Bi Mwanakhamis, akaweka kikombe chini. Sharti? Bibi harusi anamwekea mume sharti?

"Sharti uje, sharti ufanye — hiyo si amri? Mwanangu hajawa mtumishi wako!"

Hafidh alitazama zulia. Wakarudi kwao Perry Barr, sambusa hata hawakugusa. Mama analia jikoni. Mimi silii. Bado.

Jumanne, 6 Februari

Leo nimepokea mtoto wa kike. Mikono yangu ndiyo ya kwanza kumgusa! Nitaiachaje kazi hii?

Kwenye mapumziko nilimsimulia Najmo, tuko naye wodi moja. Msomali wa Nairobi, Kiarabu anakijua. Akacheka.

"Wewe! Unajua hilo neno sharti limetoka wapi? Sharata ni kuchanja ngozi. Hata kisu cha upasuaji Waarabu wanakiita mishrat. Mzizi ni mmoja."

Nikanywea. Kumbe nimemchanja mtu wangu! Najmo akasema si hivyo, eti mtu huchanjwa ili apone, na ni nyinyi Waswahili mliolifanya amri. Sijui. Hafidh hajapiga simu.

Ijumaa, 9 Februari

Theluji kila mahali, mabasi hakuna. Ami Idarous, ndugu yake marehemu baba na ndiye walii wangu wa kuniozesha, kaenda msikitini kwa miguu. Baada ya sala kamuuliza Sheikh. Karudi ndevu zimejaa barafu, anatabasamu!

Sheikh kasema wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu masharti kama langu. Lakini sharti si amri. Mmoja hulitaja, mwengine hulikubali kwa hiari yake. Asipokubali, hakuna mkataba. Na ndani ya neno hilo mna maana ya alama pia — dalili za Kiama kwa Kiarabu huitwa ashrat, mzizi huo huo.

"Basi umeweka alama tu, mwanangu," kasema ami. "Ajue mapema njia inapita wapi."

Nikampigia Hafidh. Nikamwaga yote: kisu, alama, Kiama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hukuniambia mimi kwanza, Raisa? Mbele ya mama!"

Kweli. Nimemwomba radhi. Kisha tukazungumza mpaka simu ikazima. Kumbe hajamjibu Yasir! Hajamjibu!

Jumamosi, 17 Februari

Hina imekauka. Niko chumba cha juu na Najmo, wanaume wako chini. Nyumba hizi za mtaa wetu wa Lozells, sakafu utadhani karatasi — nasikia kila kitu. Naandika papo hapo.

Sheikh anasoma sharti: mume asimhamishe mke mpaka amalize masomo. Anamuuliza Hafidh kama amekubali.

Mtu anakohoa.

"Samahani, Sheikh. Hapo pabadilishwe."

Ni Hafidh. Ya Rabbi! Najmo kanishika bega.

"Asimhamishe — yeye si sanduku. Tuseme tusihame. Mpaka masomo yake yaishe, na hata baada ya hapo, mpaka tukubaliane wote wawili."

Najmo ananitikisa, anacheka, analia. Mimi sijui nafanya nini.

Sheikh anasema sharti likibadilika, mwenye sharti aulizwe upya. Ami kainuka aje kuniuliza. Namsikia kwenye ngazi. Hapana, kazuiwa. Bi Mwanakhamis katoka jikoni.

"Ngoja, Idarous. Hili, mkwe wangu nitamuuliza mimi."

Viatu vyake. Anapanda. Yuko mlango—