Ombi Lililokosa Salamu

Jumanne, baada ya isha

Shangazi Mwanasha ametia jina hatimaye! Kila nilipomwomba aunge mkono ombi letu la mtandaoni alikataa, ilhali ni yeye anayezunguka mbali kufuata pweza tangu njia ya ufuoni izibwe kwa ukuta.

Leo nikamsomea lote. Akaguna. "We mtoto, wamwomba gavana njia bila hata kumsalimu?"

Niliona haya. Nikaandika juu: Asalaam aleikum, bwana gavana, twatumai hujambo na wa nyumbani.

"Haya, lete simu!" Akawaita na wenzake wa kufuata pweza, wakaigombania wakicheka. "Nianze mimi, nyie mtaimaliza chaji!"

Naogopa huenda gavana asisome. Shangazi hana wasiwasi. Asema salamu haiachwi bila kujibiwa, na ameshaniuliza mara mbili kama jibu limeingia.