Mama Buko pa Bac

Kazi moya (jumatatu), 8/3
Safari ine tangu asubui. Moteri ya bac, kivuko yetu, iliisha kufa, mafuta ya gasoil haina tena mu Kolwezi yote, basi tunavuta na mikono pa kamba ya chuma, mi na abiria. Wote Bakasai. Matela, masufuria, cherehani, batoto pa mugongo. Gare ya train iko kule ng'ambo ya muto. Banafukuzwa barudi Kasai, na mi njo niko nabavusha. Mugongo inaniuma, roho zaidi.

Kazi mbili, 9/3
Benye kufukuza bantu bamefika mupaka mutaa wa Musonoi. Mama ya bibi yangu bamemuambia: kazi tano tusikukute hapa. Alizaliwa Musonoi! Kasai anaisikia tu mu masimulizi. Mbombo, bibi yangu, bamemuacha, juu ameolewa na mutu wa huku. Bamemuacha kwanza, kesho hatujui.

Mama buko, njo mukwe wangu, amefika kwetu na valise moja ya nguo. Nimetokea mulango wa nyuma, tusikutane. Miaka kumi na moja sijamuangalia uso, na yeye hajaniangalia. Njo desturi. Kula pamoja, hapana. Kugusana, Mungu apishe mbali.

Kazi tatu, 10/3
Mama buko amekatala kupanda bac! Eti hawezi kusimama na buko wake pa mbao moja. "Afazali banipige." Na ile kamba ninaijua mi peke yangu. Mwenzangu wa kuvuta alikimbia juma iliyopita, Mukasai yeye pia. Train ni poshyo (jumamosi). Nimepiga mulango teke. Bichwa ngumu, mama na binti.

Kazi ine, 11/3
Mbombo amepata njia. Kikwembe, kitenge yake, pa bijiti bibili kama pazia, katikati ya bac. Mama nyuma, mi mbele. Mama amekubali.

Mayi imepanda. Naogopa kesho.

Kazi tano, 12/3
Tumetoka na jua. Sisi babili tu, abiria bengine bado hawajafika, Mbombo amebaki na batoto. Katikati ya muto puli, ile gurudumu inayotembea pa kamba, imeruka kamba. Bac ikaanza kugeuka, mayi ikaingia. Nimeshika kamba, lakini kushika na kurudisha puli ni kazi ya bantu babili. Na mi naogopa kumuita, kama mupumbafu, mugongo kwake. Aibu ilitaka kutuzamisha.

Kikwembe ikaanguka. Si upepo. Yeye njo ameing'oa. Ameshika kamba karibu na mukono yangu, ameniangalia mu macho: "Wee mutoto, fanya kazi! Aibu tutaisikia kule ng'ambo!"

Nimerudisha puli. Tumevuta babili mupaka mwisho. Kule ng'ambo amebeba valise yake, ameenda gare. Nimekaa chini pa muchanga. Aksanti Mungu.

Siku ya Mungu, 14/3
Katekista wa kanisa yetu ametoka gare na habari. Train iliondoka jana, mama iko ndani, amepata fasi ya kukaa. Mbombo amelia, kisha amepika bukari, ugali yetu.

Nimemuelezea namna mama yake anavuta kamba. Ananishinda. Mbombo amecheka mupaka amekaa chini, na mi nyuma yake. Siku mingi hatukucheka mu hii nyumba. Nimekula sahani mbili.