Pampu Yetu ya Pugu

Kariakoo, Jumapili usiku

Na mpango wenyewe niliuchagua mimi. Fundi wa reli pale Gerezani alisema anayetaka kombe la mbio za baiskeli za Sikukuu ya Mfalme wa Uingereza afanye mazoezi peke yake, na asishuke kwenye baiskeli mpaka afike juu Pugu. Hamisi, mwenzangu wa miaka yote, aliukataa.

Leo nimemkuta mlimani kapata pancha. Akaniita. Nikampita, nikijiambia nitamsaidia nikirudi.

Niliporudi alikuwa anaikokota baiskeli juani. Nikampa pampu yetu, tuliyoinunua kwa kuchanga. Hakuipokea.

“Nenda tu, bwana. Utauharibu mpango wako.”

Kesho fundi atanisifu. Mlima mzima sikushuka hata mara moja.