Satelaiti ya Baba Inamzuia Binti Kwenda Chuo

Tarehe 14, mwezi wa tisa. Leo ni miaka minne na miezi mitano tangu nilipoondoka nyumbani.

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie haraka kabla sijamharibia mtoto maisha, na ukimaliza kunisaidia unigombeze, maana najua utanigombeza tu.

Mimi ni kibarua wa zege, nilisoma mpaka kidato cha pili nikakomea hapo, na huku ugenini tunajenga kituo kitakachofungwa dishi kubwa la kuongea na satelaiti, yaani dishi wataleta wenyewe, sisi yetu ni shimo, nondo na zege, na tukimaliza kazi yetu itafukiwa na hakuna atakayejua kwamba ipo. Mwaka jana mke wangu aliniuliza kwenye simu siku hizi uko kazi gani, nikamjibu niko kwenye mradi wa satelaiti, na hapo sikudanganya, Mshauri, ila nilinyamaza pale ambapo mtu mwaminifu angeendelea kuongea. Habari ikaenea mtaani. Mama mkwe, ambaye siku niliyokwenda kuposa aliniuliza kama mikono yangu inajua kitu kingine zaidi ya koleo, sasa akiona nyota inayotembea jioni anatoka uani, anaipungia mkono na kuwaambia majirani, "Mkwe wangu huyo, anapita."

Nikaona aibu, nikasema badala ya kukanusha bora nijifunze. Ofisini kwa injinia wa mradi walikuwa wanahamisha makabati, wakaweka nje sanduku la vitabu vya kutupa, nikaomba, nikapewa vitatu vizito kama matofali, vya kufundisha jinsi ya kupanga safari ya angani na kuunda satelaiti tangu ikiwa wazo mpaka siku inapozimwa. Lugha yake naijua ya kuombea maji, kwa hiyo nikawa nasoma na kamusi, kurasa mbili kwa siku, wakati wa chakula, nimekalia ndoo iliyopinduliwa.

Na nisikufiche, nilinogewa. Nilijua kwamba satelaiti ya karibu inaizunguka dunia kwa dakika tisini na kitu, kwamba zaidi ya nusu saa inakuwa kwenye kivuli cha dunia haioni jua, inaishi kwa betri kama sisi umeme ukikatika, kwamba upande mmoja unaungua huku mwingine unaganda, na kwamba kila skrubu inapimwa uzito kabla ya kupandishwa. Sura ya kwanza niliiruka kwa sababu haina michoro, inauliza maswali tu, nani ana shida, ana shida gani, kwani hakuna njia rahisi zaidi.

Wenzangu wanne ninaolala nao chumba kimoja walinichoka mapema. Nilimwambia fundi wa kuchomelea, tunayemwita Kobe, kwamba begi lake limezidi uzito uliopangiwa chumba, akanijibu, "Mheshimiwa wa angani, teremka kwanza uoshe sufuria, ni zamu yako." Mwingine akasema, "Mwache, hapo hakusikii, yuko upande wa kivuli."

Kilichonishinda ni hesabu. Kila sura inaisha na maswali, na yale ya namba witiri yana majibu nyuma ya kitabu, ya namba shufwa hayana. Binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri matokeo, na hesabu ndiyo chakula chake, basi nikapiga picha swali moja la betri nikamtumia nikamwambia, "Mwanangu, hebu tuangalizie hii ya kazini." Hayo maneno mawili, ya kazini, ndiyo yaliyonimaliza. Kesho yake jibu likaja, safi, limepangwa mstari kwa mstari, na chini ameandika, "Baba, nimerudia mara tatu, msiwe na wasiwasi." Ningesema hapo hapo. Badala yake nikatuma jingine. Mpaka leo amefanya ishirini na sita.

Kuna kingine nilitaka kukuficha. Mwezi wa saba injinia alinikuta nimezinakili hesabu za binti kwenye daftari, akalichukua, akasoma amesimama.

"Nani kafanya hii?"

Nikasema, "Mimi, bosi."

Akasoma tena. "Umekosea mahali pamoja tu. Paneli za jua huchakaa, huwezi kuzipigia hesabu kama vile zitabaki mpya miaka yote. Kingine chote sawa. Haya, nifanyie na hii hapa."

Nikamwambia vumbi la saruji limeniingia machoni. Tangu siku hiyo ananiita Profesa, na kila akipita naanza kufikicha macho.

Sasa sikia balaa. Binti amepata nafasi chuo cha ufundi, idara ya umeme, cha bweni, na mwisho wa kuripoti ni Jumatatu tarehe sita mwezi wa kumi, asiporipoti nafasi anapewa mwingine na haombi tena mpaka mwaka kesho. Juzi nikampigia kumpongeza.

"Baba, siendi."

"Kwa nini, mama?"

"Kule simu wanazikusanya mpaka likizo. Nani atawapigia hesabu? Mkikosea betri, si kitu kinazimika hukohuko juu?"

Nikamwambia asijali, kazini tupo wengi.

"Mbona basi mnaniletea mimi?"

Nyuma yake nikamsikia mke wangu, "Mwambie baba yako akutafutie kazi hukohuko, chuo cha nini tena!"

Mshauri, nikisema ukweli nitakuwa kichekesho cha mtaa mzima kuanzia kwa mama mkwe, na binti hataniamini tena hata nikimwambia mvua inanyesha, na nikinyamaza nafasi inapotea. Nimefikiria kumwambia mradi umesitishwa, au roketi imelipuka ikiwa njiani, kwa hiyo hesabu hazihitajiki tena na yeye aende zake chuo. Kobe anasema roketi ilipuke, ndiyo safi zaidi, haiachi maswali. Wewe unaonaje? Tafadhali usiweke jina langu, mke wangu husoma ukurasa wako kila Jumamosi na huwa ananisimulia waliogombezwa. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa mwezi wa pili, na Mungu akipenda natarajia kufika nyumbani wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu.

Kibarua wa Zege

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Profesa. Fikicha macho vizuri usome. Nimekupitisha mbele ya wanawake watatu waliokimbiwa na waume, kwa sababu waume hao hawana tarehe ya mwisho ya kurudi, na binti yako anayo ya kuripoti.

Kwanza, pole. Miaka minne na ushei ya koleo ugenini si mchezo, na mtu anayetoka shimoni akakaa juu ya ndoo kusoma kitabu kigumu kwa kamusi, mimi simcheki. Soma tu. Ila uliporuka sura ya kwanza uliruka iliyokuhusu. Nani nyumbani kwako alikuwa na shida ya satelaiti? Mkeo aliuliza uko kazi gani. Ungemjibu kwa neno moja angelala salama, na mama yake asingekuwa anasalimiana na anga.

Sasa hiyo roketi. Isilipuke. Ukimwambia binti aliyerudia hesabu mara tatu kwamba roketi imelipuka, swali lake la kwanza litakuwa ni hesabu yake ipi iliyoilipua. Hilo hukuliwaza, wewe na Kobe wako? Utamtwisha msichana wa miaka hiyo hatia ya kitu ambacho hakikuwahi kuwepo, na ataibeba chuoni, kazini, mpaka kwa wajukuu. Mwambie Kobe aendelee kuchomelea vyuma, mambo ya watu ayaache.

Jina nimelificha kama ulivyoomba. Lakini baba, ni wanaume wangapi hapa duniani wenye mama mkwe anayeipungia nyota mkono? Mkeo akifika mstari huo Jumamosi asubuhi, chai itammwagikia. Kwa hiyo suala la kusema au kutosema limekwisha, umebaki nalo la kuwahi. Nimemwomba mhariri akutumie majibu haya Alhamisi kwenye namba uliyoiandika. Una siku mbili. Ningekupa zaidi kama ungeandika mwezi wa saba.

Kesho Ijumaa, kabla hujagusa koleo, mfuate injinia. Mwambie, "Bosi, zile hesabu si zangu, ni za binti yangu, na machoni sikuwa na vumbi." Atacheka. Acha acheke, ni haki yake. Kisha umwombe aandike kwa mkono wake mistari miwili: kosa liko wapi, na kwamba mengine yote yako sawa. Piga picha karatasi hiyo.

Wakati wa chakula, mpigie binti, yeye kwanza, mama yake baadaye. Sema hivi: mimi ni kibarua wa zege, satelaiti ni ya kitabuni, maswali yote yalikuwa mazoezi, nilikudanganya. Ishia hapo. Ukianza kusema "lakini" ujiume ulimi. Halafu umtumie ile karatasi, maana katika yote uliyoyafanya hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu anayeijua kazi yake alisoma hesabu za mtoto wako akazisifu, na wewe ukaiweka sifa hiyo mfukoni tangu mwezi wa saba. Mtoto anadhani anamsaidia baba kazi za kila siku. Hajui kwamba amefanya kazi inayowatoa jasho watu wa chuo kikuu, tena bila mwalimu, bila kitabu, kwa picha za simu zilizopigwa na mtu mwenye saruji vidoleni.

Atakasirika. Akikata simu, usimpigie mara kumi kumbembeleza, mpigie mkeo umwambie ukweli huohuo, na umwambie kwamba Jumatatu tarehe sita mtoto yuko kwenye lango la chuo, awe amekasirika au amecheka. Hasira aiweke kwenye sanduku pamoja na shuka, chuo hakikatazi. Mama mkwe wako usihangaike naye, nitamwambia mwenyewe hapa: mama, hiyo nyota ni ya wenyewe, shusha mkono.

Na huo mwezi wa tatu ukifika, usije ukamtoa darasani akupokee kituoni na ngoma na vigelegele. Nenda wewe chuoni siku ya wageni, vaa shati safi, kaa kwenye benchi pamoja na wazazi wenzako. Jirani akikuuliza unafanya kazi gani, mjibu kwa sauti ambayo binti yako ataisikia: zege.