Tanga Ile Nilishona Mubaya

Bukavu, mwezi wa saba

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Uko muzima? Miguu inakuuma bado ukipanda mulima ya Lushebere? Na Papa, kikohozi yake imetulia? Mimi niko muzima, vidole tu njo vimejaa vidonda, na hiyo njo habari nataka kukuelezea.

Unajua hapa nashona manguo ya watu. Mwezi uliopita Madame mumoja muzungu, mujane, aliniletea kitambaa kubwa kuliko nyumba yetu. Ilikuwa tanga ya bato yake ya ku ziwa: inakamata upepo, bato inaenda bila moteri. Ilikuwa imepasuka katikati. Nikashona siku mbili, mushono mudogo-mudogo, ya karibu-karibu, vile Masere, mutawa wa misioni, alitufundisha kwa robe ya harusi.

Madame alipokuja kuibeba, nikamuuliza: "Upepo haina mikono. Inasukuma bato namna gani?"

Akacheka. "Kesho naenda Idjwi na visiwa vya pembeni. Kuja uone."

Najua ulisema muntu wa mulima asichezee maji. Lakini nilienda.

Tulikuwa watu tatu: Madame, mimi, na Papa Bahizi, muvuvi wa Idjwi anayeshika kamba. Mama, upepo ilitoka huku, na sisi tukaenda huku-huku! Nikashangaa. Papa Bahizi akasema: "Binti, ni kama sabuni mu mukono. Unaifinya huku, inaruka kule."

Ku kisiwa kimoja, mama mumoja aliniuliza kama kwetu Masisi iko kisiwa pia. Nikamujibu hapana. Akanihurumia: "Sasa munajua namna gani kwenu inaishia wapi?"

Siku ya pili upepo ikashuka na nguvu. Tanga ikalia praaa! Ilipasuka ku mushono wangu, toka juu paka chini, vile tunapasua timbre moja ya barua ku zingine. Na mawe ya kisiwa ilikuwa mbele yetu. Papa Bahizi akaruka ku kasia.

"Nani alishona hii?"

"Ni mimi, Papa."

Madame akapapasa matundu ya sindano. "Uliitoboa sana," akasema polepole.

Nilitaka maji inimeze. Lakini nikaangalia, nikaona iko kweli: sindano yangu njo ilikula kitambaa. Nikasema, "Munipe sindano kubwa." Nikapiga magoti, Madame akavuta pande mbili pamoja, nikashona mushono mukubwa, ya mbali-mbali, bato inaruka, damu inatoka ku vidole. Papa Bahizi alikuwa anavuta kasia na kuomba Mungu. Wakapandisha tanga. Ikajaa. Ikashika. Mawe ikabakia nyuma.

Tulipofika, Madame akauliza: "Utaogopa kurudi ku maji?"

Nikamujibu: "Kuko mabato ngapi yenye tanga hapa?"

Kuko tano. Sasa nashonea tatu, na Papa Bahizi ananifundisha kamba. Mama, njo maana sitakuja kuvuna maharagi vile niliahidi. Papa atakasirika. Umuambie hakuna muntu amenishika. Ni mimi nimechagua.

Salimia kaka Bauma na bibi yake, shangazi anayechunga mbuzi, na katekista anayekusomea barua hii. Asiruke kipande ya mawe.

Mwisho wa mwezi wa nane tutapita na bato Bweremana, kule mulima yetu inafikia maji. Shuka na kaka. Ukiogopa kupanda bato, sitakulazimisha. Nitaruka mu maji, nitembee paka kwako.

Binti yako,
Mapendo